Kufunga Paneli za Jua na Kuunganisha Betri kwenye Boti ya Mbao ya Ziwa Kivu

Paneli ya jua juu ya paa la boti ya mbao si jambo geni tena katika Ziwa Kivu. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanahitaji taa zinazowaka usiku kucha bila kununua mafuta ya taa kila jioni. Wenye boti za mizigo zinazopita kati ya Goma, Idjwi na Bukavu wanataka taa za njia, pampu ya kutoa maji na mahali pa kuchajia simu. Na wachache wenye mashua za tanga hawana hata injini ya kuwazalishia umeme. Kinachokosekana mara nyingi ni uangalifu katika sehemu ambayo abiria haioni, yaani nyaya, viungio na fyuzi. Umeme wa volti 12 haumrushi mtu anapougusa, na kwa sababu hiyo watu wengi huudharau. Lakini betri hiyo hiyo, chanya na hasi zikikutana kwa bahati mbaya, hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, waya mwembamba hugeuka mwekundu kabla mtu hajajua kinachotokea, na katika boti ya mbao iliyobeba madumu ya esansi (petroli) moto wa namna hiyo ni vigumu mno kuuzima. Ndiyo maana mwongozo huu una maneno machache juu ya paneli na mengi juu ya waya.

Mfano tutakaoufuata ni boti ya mbao yenye urefu wa mita 10 hivi, yenye paa nyepesi na injini ya kuning'inizwa nyuma. Mwenye mashua ya tanga atafuata hatua zile zile, ila atazingatia zaidi suala la kivuli, ambalo limeelezwa mahali pake.

Hesabu ya matumizi

Kabla ya kwenda kwenye maduka ya Birere au soko la Virunga mjini Goma kununua chochote, chukua karatasi uandike kila kifaa kitakachotumia umeme, wati zake, na saa kitakazowaka kwa siku. Katika boti yetu ya mfano kuna taa tatu za LED za ndani, kila moja wati 5, zinazowaka saa 6: hizo ni wati-saa 90. Taa za njia ni tatu, nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia na nyeupe nyuma, kila moja wati 3, na zikiwaka saa 10 zinakula wati-saa 90 nyingine. Pampu ya maji ya wati 40 ikifanya kazi nusu saa inatumia wati-saa 20. Simu nne kwa wati-saa 15 kila moja ni 60, na redio ya mawasiliano ya wati 10 kwa saa 4 ni 40. Jumla ni wati-saa 300 kwa siku.

Si umeme wote unaoingia katika betri unaotoka, kwa hiyo gawanya 300 kwa 0.8 upate 375, kisha gawanya kwa volti 12: betri itatoa takriban ampea-saa 31 kwa siku. Betri inapaswa kubeba siku mbili za mawingu bila msaada wa jua, yaani ampea-saa 62. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema, hivyo utahitaji betri ya ampea-saa 125. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma inaweza kutumika hadi asilimia 80 bila kuumia, kwa hiyo ya ampea-saa 100 inatosha na kubakiza akiba.

Kwa upande wa paneli, Goma iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Hata hivyo mawingu ya milimani hayana huruma, na ni busara kuhesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku. Ukitoa pia upotevu unaoletwa na joto, vumbi, nyaya na vivuli, paneli itakupa asilimia 70 hivi ya kile kilichoandikwa mgongoni mwake. Wati-saa 300 zikigawanywa kwa 4, kisha kwa 0.7, zinaleta wati 107. Kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba hazimsubiri mtu, chagua wati 150.

Mvuvi anayewasha taa sita za wati 10 usiku wa saa 10 anatumia wati-saa 600 kwa taa peke yake. Asinakili hesabu hii. Aanze yake upya.

Kununua bila kudanganywa

Muuzaji wa paneli hupenda kuchukua multimeta (kipima umeme), kugusisha ncha zake kwenye nyaya za paneli, na kukuonyesha volti 21 au 22 hapo hapo kibarazani. Namba hiyo haithibitishi chochote, kwa sababu hata paneli iliyochoka hutoa volti karibu kamili katika mwanga hafifu. Kinachosema ukweli ni ampea. Omba paneli itolewe nje saa sita mchana wakati mbingu ni wazi, ielekezwe juani, kisha multimeta iwekwe kwenye kipimo cha ampea 10 na kugusishwa chanya na hasi ya paneli kwa sekunde chache. Paneli halisi ya wati 75 yenye seli 36 itaonyesha ampea 4 au zaidi kidogo. Ile ya wati 150 itakaribia 9. Paneli haidhuriki kwa kipimo hiki. Usithubutu kamwe kukifanya kwenye betri: multimeta itapasuka mkononi mwako.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo chochote isipokuwa utepe wa fundi seremala. Mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000 za jua kali, na seli nzuri zinazouzwa leo hugeuza sehemu ya tano yake kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya mita moja ya mraba haiwezi kuzidi sana wati 200, na karatasi iliyobandikwa mgongoni ikidai 300 ni uongo. Betri nayo hupimwa kwa mikono: ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 28 hivi au zaidi, na ya lithiamu ya uwezo huo huo kilo 10 hadi 13. Ukiinua sanduku la lithiamu linaloitwa 100 ukaliona jepesi kama la kilo 5, lirudishe mezani.

Betri ya gari haifai kazi hii. Imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikishushwa nusu kila usiku sahani zake nyembamba huharibika katika miezi michache. Tafuta betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola.

Kwa waya, beba kisu kidogo. Waya nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja: ukiona rangi nyekundu ya shaba hadi ndani, lipa; ukiona weupe chini ya ngozi nyembamba nyekundu, acha, hata kama muuzaji anaapa. Alumini hiyo hupitisha umeme vibaya zaidi, huvunjika inapotikiswa na injini, na huliwa haraka na unyevu. Shaba iwe ya nyuzi nyingi nyembamba, si uzi mmoja mnene wa kuwekea ukutani, na ukiipata iliyopakwa bati ni bora zaidi.

Regilateri, yaani kifaa kinachotawala chaji kati ya paneli na betri, ziko za namna mbili. Ile ya bei ndogo, ya PWM, huiburuta paneli hadi volti za betri na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Ukiwa na paneli za seli 36, PWM inaweza kuvumilika. Paneli za nyumbani zenye seli 60, ambazo hufanya kazi katika volti 30 hivi, hupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake zikiunganishwa na PWM kwenye betri ya volti 12. Kwa mfano wetu MPPT ya ampea 20 inatosha. Hakikisha tu kwamba inakubali aina ya betri uliyochagua.

Kuweka paneli

Nunua paneli mbili za wati 75 au 80 badala ya moja ya 150, ukaziweke moja kushoto na nyingine kulia. Seli za paneli moja zimefungwa kwa mfululizo, na seli moja iliyofunikwa na kivuli huzuia mkondo wa wenzake. Kivuli chembamba cha kamba au cha mlingoti kikilalia safu moja kinaweza kuondoa nusu ya umeme au zaidi. Zikiwa mbili zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, iliyo juani huendelea kufanya kazi hata kama mwenzake ameingia kivulini. Katika mashua ya tanga jambo hili ndilo linaloamua kila kitu, kwa sababu tanga likivuka upande mmoja, paneli ya upande huo inalala.

Usijisumbue kuielekeza paneli kaskazini au kusini. Boti huzunguka kwenye nanga na kugeuka safarini, na jua letu liko juu. Ilaze karibu tambarare, yenye mwinamo wa digrii 5 hadi 10 kuelekea ubavuni, ili mvua iteremshe uchafu. Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 kati ya paneli na paa, hewa ipite, kwa kuwa kila digrii moja ya joto juu ya 25 huipunguzia paneli takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake. Ndiyo sababu sipendekezi zile paneli laini zinazobandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya paa: ni nyepesi na zinapendeza macho, lakini hupikwa kutoka chini na hazidumu.

Bolti zipite kwenye matundu ya fremu ya alumini na kushika boriti za paa, si ubao wake peke yake. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ambao dhoruba ya ziwani huuleta bila taabu, husukuma paneli ya mita moja ya mraba kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 25, na mawimbi huongeza mitikisiko yake. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, washa (pete bapa) pana chini ya boriti, na nati zenye nailoni ndani zisizolegea. Kati ya bolti na alumini weka washa ya plastiki, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu moja humla mwenzake. Usitoboe kamwe mgongo wa paneli. Na waambie mabaharia mapema kwamba mahali pale hapakanyagwi wala hapawekwi magunia ya mihogo: kioo kinaweza kubaki kizima huku seli zikiwa zimepasuka chini yake.

Nyaya na vipimo vyake

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumba hukosea wanapoitwa botini. Nyumbani umeme ni wa volti 220, na kupotea kwa volti moja njiani hakuna anayekuona. Botini volti ni 12, na volti moja iliyopotea ni sehemu ya kumi na mbili ya mali yako.

Kanuni ni hii: zidisha mara mbili urefu wa njia kwa mita, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, kisha gawanya kwa volti unazokubali kupoteza. Jibu ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Tuseme kutoka paneli hadi regilateri ni mita 6, mkondo ni ampea 8.3, na tunakubali kupoteza asilimia 3 ya volti 18, yaani 0.54. Mara mbili ya 6 ni 12, mara 8.3 ni 99.6, mara 0.0175 ni 1.74, gawanya kwa 0.54, unapata 3.2. Waya wa milimita 4 za mraba ndio unaofuata kwa unene dukani, nao ndio utakaonunua. Ukitumia ule wa 1.5 uliobaki nyumbani, utapoteza zaidi ya volti 1.1 kila jua linapowaka, na waya wenyewe utapata joto bure.

Kutoka regilateri hadi betri, njia iwe fupi, isizidi mita moja na nusu, kwa waya wa milimita 6 za mraba. Kutoka betri hadi sanduku la fyuzi tumia 10. Taa za LED zinatosheka na 1.5, na pampu ipewe 2.5.

Pitisha nyaya juu, mbali na maji yanayokusanyika chini ya boti na mbali na bomba la esansi, ukizishika kwa vibano kila sentimita 40 au 45. Penye ubao uliotobolewa weka mpira, ili mtikisiko wa injini usiukate utando. Waya unaoingia kutoka nje ushuke kwanza chini ya tundu, halafu upande kuingia. Maji ya mvua yatadondoka penye pindo badala ya kufuata waya hadi ndani. Nyaya mbili, chanya na hasi, zinazopita karibu na dira zisokotwe pamoja, la sivyo dira itapotoka kila unapowasha taa, na usiku wenye ukungu kati ya Idjwi na bara huo si wakati wa kugundua jambo kama hilo.

Kila mwisho wa waya uvalishwe kosi ya shaba (kichwa chenye tundu la bolti) inayolingana na unene wake, ibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo wala kwa meno ya koleo la kawaida. Ukishabana, shika kosi kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine, uvute kwa nguvu zako zote: ikitoka, ilikuwa itoke tu siku nyingine. Kisha funika shingo yake kwa mpira unaojikaza kwa joto, wenye gundi ndani. Kuunganisha kwa risasi ya kuyeyusha peke yake hakufai chomboni, kwa sababu risasi hufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtikisiko huukata hapo hapo. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia utepe mweusi si kiungio.

Betri na kiti chake

Betri ni kitu kizito, na nafasi yake ni chini na katikati, ambapo uzito wake unaisaidia boti kutulia badala ya kuiyumbisha. Hata hivyo isikae ndani ya maji ya chini: ijengee jukwaa la mbao, iweke ndani ya sanduku la plastiki, na ifunge kwa mikanda hadi isiweze kusogea zaidi ya sentimita mbili hata boti ikilala ubavu. Mikanda ishike kwenye mataruma ya boti.

Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Gesi hiyo ni nyepesi na hupanda, kwa hiyo sanduku litobolewe juu. Mvuke wa esansi hufanya kinyume: ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini ya mbao. Kutokana na hayo mawili, betri, swichi zake na madumu ya esansi visikae chumba kimoja, na ikiwa boti haina vyumba, betri ikae mbele na esansi nyuma. Betri ya lithiamu haitoi gesi katika hali ya kawaida, ila iwe na kifaa chake cha ndani cha ulinzi. Usiunganishe kamwe betri ya zamani na mpya, wala aina mbili tofauti. Ile dhaifu huivuta nzima hadi zote zilingane kwa ubovu.

Betri ya kuwashia injini, kama ipo, ibaki peke yake. Taa na simu za abiria zisiruhusiwe kuila.

Fyuzi

Fyuzi hailindi taa wala redio. Kazi yake ni kulinda waya usiwake. Kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa kuangalia waya mwembamba zaidi ulio mbele yake, na mahali pake ni karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, ndani ya sentimita 18 au 20, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi yeyote.

Kwenye mfano wetu, fyuzi kuu kati ya betri na sanduku la matumizi ni ya ampea 40, kwa waya ule wa 10. Njia ya regilateri ina fyuzi yake ya ampea 20, nayo karibu na betri. Ndani ya sanduku, taa za ndani zina fyuzi ya 5, taa za njia 5, redio na vichajio 5 kila moja. Baada ya fyuzi kuu weka swichi kuu ambayo mtu yeyote aliye botini anaijua na kuifikia. Betri ya lithiamu inaweza kutoa maelfu ya ampea ikipigwa shoti, na fyuzi ndogo za gari zinaweza kushindwa kuukata mkondo huo; weka ya aina ya T hata kama itabidi uiagize na kusubiri. Fyuzi iliyoungua ikazungushiwa karatasi ya sigara au uzi wa shaba imegeuka kuwa waya wa kawaida, na mwenye boti anayekubali jambo hilo amekubali na moto wake.

Nyaya zote hasi zikusanyike kwenye bamba moja la shaba, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende kwenye kichwa hasi cha betri. Ukiona kosi tano zimerundikana juu ya kichwa cha betri, fundi aliharakisha.

Kati ya vifaa vinavyotumia umeme, pampu ya maji pekee ina njia yake tofauti. Swichi yake ya kuelea, ile inayojiwasha maji yanapopanda, iunganishwe kwa betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake ya ampea 7.5, bila kupitia swichi kuu, ili boti iliyofungwa usiku katika bandari ya Kituku bila mtu ndani isijae maji kwa sababu nahodha alizima kila kitu alipokwenda kulala.

Kuunganisha kwa mpangilio

Funika paneli kwa turubai. Vua pete na saa ya chuma. Zungushia utepe vipini vya spana, ili spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja isilete cheche. Fyuzi zote ziwe nje.

Unganisha kwanza vifaa kwenye sanduku la fyuzi, kisha sanduku kwenye swichi kuu. Baada ya hapo unganisha regilateri kwenye betri, hasi kwanza, chanya baadaye, na mwisho uweke fyuzi yake. Regilateri itaamka na kutambua kwamba mfumo ni wa volti 12. Wakati huo ndipo unapoiambia aina ya betri: kwa betri ya risasi ya maji, volti za kujaza ziwe 14.4 hadi 14.8 na za kutunza 13.5 hadi 13.8; kwa ya jeli, kujaza kusizidi 14.2 hivi, kwa lithiamu, 14.2 hadi 14.6 kama mtengenezaji alivyoandika. Regilateri nyingi hurekebisha volti za betri ya risasi kufuata joto, na hewa ya Goma, ambayo ni karibu digrii 20, huhitaji kiasi cha sehemu ya kumi ya volti zaidi ya ile iliyoandikwa kwa digrii 25.

Paneli ndiyo ya mwisho kuunganishwa, kupitia swichi yake ya ampea 20. Kabla ya kuichomeka, pima kwa multimeta upande upi ni chanya, kwa sababu rangi za waya hazina kiapo. Ondoa turubai. Siku ya kutenganisha, paneli huondolewa kwanza na betri mwisho. Regilateri inayopokea paneli bila betri inaweza kuungua.

Kisha jaribu. Washa kila kitu kwa pamoja, upime volti kwenye vichwa vya betri na kwenye taa iliyo mbali zaidi. Tofauti ikizidi 0.36, kuna kiungio kibaya au waya mwembamba. Baada ya nusu saa pitisha vidole juu ya kila kiungio, kimoja baada ya kingine: kilicho na joto kuliko wenzake kifunguliwe na kubanwa upya siku hiyo hiyo.

Kuhusu inveta ya kuleta volti 220, ushauri wangu ni kuiacha nchi kavu. Inakula umeme hata bila kazi, inaalika pasi na televisheni, na inaleta botini, juu ya maji, umeme ule unaoua.

Radi

Eneo letu linajulikana duniani kwa radi. Uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, karibu na Bukavu, nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa takriban miale 205 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Hakuna fyuzi inayozuia radi. Dhoruba ikikaribia, zima swichi ya paneli kwanza, ndipo uchomoe viungio vyake, na redio ya akiba na simu ziwekwe ndani ya sufuria yenye mfuniko wa chuma. Mashua yenye mlingoti mrefu ipewe waya mnene wa shaba, usiopungua milimita 25 za mraba, unaoshuka wima bila kona kali kutoka kileleni hadi bamba la shaba lililo chini ya maji. Bamba liwe pana uwezavyo, kwa maana maji ya ziwa hupitisha umeme vibaya kuliko ya bahari.

Matunzo

Majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira yakidondokea paneli, usiyafute kwa kitambaa kikavu. Ni chembe kali zinazokwangua kioo. Mwaga maji kwanza yateremke yenyewe, ndipo upitishe sponji laini, na ufanye hivyo alfajiri wakati kioo ni baridi.

Betri ya risasi ya maji ikaguliwe kila mwezi: sahani zifunikwe kwa sentimita moja hivi, na kinachoongezwa ni maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi zilizoyeyuka, na ya mvua yaliyopita kwenye moshi wa volkano hubeba asidi na floraidi. Yote mawili huiharibu betri. Pima volti asubuhi kabla jua halijapanda na vifaa vikiwa vimezimwa: 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na ikishuka chini ya hapo mara kwa mara, ama matumizi yameongezeka bila hesabu, ama betri imeanza kuzeeka. Kaza kosi, safisha unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa, paka grisi.

Boti ikipandishwa ufukweni kwa matengenezo marefu, zima swichi kuu lakini iache paneli iendelee kuijaza betri ya risasi, kwa sababu ikikaa tupu kwa wiki kadhaa sahani zake huota salfati ngumu isiyoondoka. Ya lithiamu ni kinyume: ishushe hadi nusu, itenganishe kabisa, uihifadhi mahali pakavu hadi boti irudi majini.